Dume la Kaa la Wangwani Kwetu

Mwezi uliopita nilikwenda Tanga mjini kwenye karamu ya posa ya binti wa dada yangu, na wenyeji wetu wakaona watutukuze kwa chakula cha hoteli. Nimekaa pale, kitambaa nimetandaziwa mapajani kama mtoto atapikaye, mara mhudumu akaniwekea sahani. Ndani ya sahani kaa. Si kaa wa mchangani, la. Kaa koko, yule bwana mkubwa wa matope ya mikokoni, mwekundu kwa kupikwa. Pembeni yake koleo. Koleo, ndugu yangu, kama la fundi baiskeli! Nikamtazama kaa, naye akanitazama, na mkono wangu wa kulia ukaanza kuwasha kuanzia kwenye kucha mpaka begani.

Tangu siku ile sikai mahali. Naanza kuosha vyombo naviacha na povu. Naanza kushona naacha sindano kitini, na aliyeikalia hadi leo hanisemeshi. Nikaona basi, kama ni kusumbuka tusumbuke wawili. Vuta kigoda.

Kwetu ni upande wa Mtang'ata, ukishika njia ya kwenda Pangani. Nasema miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na mkonge umepandwa kila upande hata ungedhani Mungu alianza na mkonge ndipo akakumbuka kuumba watu. Kijiji chetu kilikuwa na bahari mbele na hori nyuma, ule mkono wa bahari uingiao nchi kavu, na katikati ya hori na mikoko palikuwa na ule uwanda wa matope tuuitao wangwa. Maji yakijaa, wangwa ni ziwa. Ungeweza kuapa hakuna nchi chini yake. Yakipwa, lilibaki tope jeusi linalong'aa kama chungu kilichopakwa mafuta, likienda na kwenda mpaka macho yachoke. Mgeni akisimama ukingoni alikuwa akiziba pua na kusema hapa hapana kitu, pananuka tu. Ni kweli palinuka. Kulikuwa na harufu ya yai lililosahauliwa na kuku mwenyewe. Lakini sisi tuliozaliwa nayo tulikuwa tukiisikia tu tunameza mate, maana kwetu ilikuwa harufu ya mchuzi.

Na habari ya kwamba hapana kitu! Wewe simama tu, usitikisike, uvute pumzi kidogo kidogo. Kwanza utasikia. Tope lile lilikuwa likisema. Lilikuwa likitatarika na kupasuka vitone vitone, kama mafuta yanayoanza kupata moto. Halafu utaona jicho. Halafu macho. Halafu mashimo yote, maelfu kwa maelfu, yanatoa wenyewe. Watatoka kaa wadogo wenye mkono mmoja mkubwa kuliko mwili, wameunyanyua, wanapunga wote kwa pamoja, kama watu wanaokukaribisha harusini. Watatoka wale samaki wasiojijua kuwa ni samaki, wanaotembea nchi kavu kwa mapezi na kuruka kutoka dimbwi hadi dimbwi. Macho yao yalikuwa juu ya kichwa, yamevimba, nasi tulimwita kila mmoja wao karani. Minyoo ya chambo huitaiona, ila utaona walichokitoa, vijirundo vya tope vilivyosokotwa kama tambi za Idi. Juu yao ndege wadogo, vitwitwi, wanakimbia na kusimama, wanakimbia na kusimama, na sululu mwenye mdomo uliopinda kama sindano ya magunia anauzamisha wote hadi usoni na kuvuta mtu kutoka nyumbani kwake.

Ukitikisa kidole gumba cha mguu, wote hao hawapo. Kufumba na kufumbua tope ni tupu, kama lilivyokuwa siku ya uumbaji. Ndiyo sababu mimi niliwaona mara chache sana. Mimi nilikuwa mtoto asiyetulia. Bibi yangu alisema nilizaliwa na mchwa katika miguu, na kwamba nilipokuwa tumboni mama yangu alikuwa akitembea bila kutaka.

Nililelewa na huyo bibi. Mwembamba, mrefu, mkali kama pilipili mbuzi, na hakuna mwanamke kutoka Tongoni hadi Kigombe aliyemfikia kwa kutoa kaa mashimoni. Hakutumia kulabu, hakutumia jembe. Alitumia mkono. Alilala ubavu juu ya tope, shavu likagusa, akauingiza mkono shimoni mpaka kwapani, akapapasa kule gizani huku uso wake umetulia kama mtu anayetafuta funguo ndani ya mkoba. Kabla ya kuingiza alibisha. "Hodi mwenye nyumba," alisema kwa sauti ya chini, na hakucheka aliposema, wala sisi hatukucheka.

Maana lazima nikueleze, shimo la kaa kwetu lilikuwa na mwenyewe, kama shamba. Kaa koko hachimbi ovyo. Huchimba nyumba ndefu inayopinda chini ya mizizi, na ukimtoa leo, bamvua likirudi, maji yakipwa tena mbali, utakuta mwingine ameshahamia. Nyumba nzuri haikosi mpangaji. Kwa hiyo mwanamke alirithi mashimo kwa mama yake, akachomeka kijiti cha mkoko penye mdomo wa shimo na kukifunga fundo la ukindu, kila mtu kwa fundo lake. Ukikuta fundo la mwenzio, unaliacha. Ukikuta jike lenye mayai, unamrudisha na kumwomba radhi. Na kaa akikushika, basi hapo ndipo elimu yote ilipokuwa.

"Akikushika usimvute," Bibi alinifundisha, "wala usipige kelele. Ukivuta hukaza, ukilia hukaza zaidi. Tulia. Mwache akusahau."

Mwache akusahau! Mimi, ambaye nikikaa jamvini kula bada, ule ugali wa muhogo, nilikuwa nikibadilisha goti kati ya tonge na tonge.

Sasa, upande wa pili wa ua wetu alikaa jirani, nasi tulimwita Bibi Jirani. Mnene huyo, mcheshi, mikono imejaa bangili za fedha hadi karibu na kiwiko, hata akifua ungedhani ngoma imeingia kijijini. Yeye na bibi yangu walikuwa mashoga tangu utotoni. Walichezwa unyago pamoja, waliolewa mwaka mmoja, na walikwenda wangwani pamoja miaka yote hiyo. Bibi Jirani alikuwa na mjukuu wa umri wangu, na mimi katika dunia hii sikuwa na mwenzi ila huyo. Wasichana wakubwa walikuwa wamewekwa ndani, wadogo walikuwa bado wanalialia. Tulikuwa wawili tu, na tulitosha.

Kilichowagombanisha ni kaa mmoja.

Kule mwisho wa wangwa, karibu na mkondo wa hori, palikuwa na mkoko mzee, mizizi yake imeshuka pande zote kama miguu ya watu waliosongamana msibani. Upande huu wa mizizi kulikuwa na shimo la bibi yangu. Upande ule, huwaoni walioko huku hata ukiinama, kulikuwa na shimo la Bibi Jirani. Na kila mmoja alikuwa ameona shimoni mwake dume. Usiniulize ukubwa wake. Bibi alisema mgongo wake ulikuwa kama sahani. Mimi nilimwona kwa macho yangu na nakuambia ni sinia, sinia la watu sita, na gando lake ni ngumi ya mpiga ngumi. Bibi akienda anakuta tope jipya limetupwa mdomoni mwa shimo, alama za miguu mbichi, anajua yumo. Anaingiza mkono, hola. Bibi Jirani naye hivyo hivyo. Bamvua hili hola, bamvua lile hola. Unadhani kila mmoja aliwaza nini?

"Kuna mtu anapita penye fundo langu," alisema Bibi siku moja kisimani, akitazama ndoo.

"Hata kwangu anapita," alisema Bibi Jirani, akitazama ndoo yake.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho. Kwetu sisi kumwita mtu mwizi wa shimo ni kumvua nguo. Moto wakaacha kuombana. Ramadhani ikaingia, sahani ya futari haikuvuka ua, na mimi nilikaa nikitazama ule mwanya wa ua, nikisubiri angalau kaimati moja ipite peke yake. Nikakatazwa kucheza na mjukuu wa Bibi Jirani, naye akakatazwa kucheza nami. Tukawa tunaonana wangwani kwa mbali, kila mmoja nyuma ya bibi yake, na tukiinua mikono kupungiana tunapigiwa ukelele. Nilikonda. Sikulala. Naapa niliota kaa amevaa bangili.

Basi likaja bamvua kubwa, na Bibi akala yamini. "Leo namtoa yule dume," akaniambia, akijifunga khanga kiunoni. "Nikimtoa katika shimo langu, mbele ya watu, tutajua nani mwizi. Mke mwenzangu, chukua pakacha." Ndivyo alivyoniita siku zote, mke mwenzangu, kwa utani wa babu na wajukuu.

Tulifika kwenye mkoko mzee maji yakiwa mbali kabisa. Bibi alinyata. Alifunga kipande cha gunia kwenye kiganja, akalala, akabisha hodi, akaingiza mkono. Kiwiko kikazama, bega likafika. Nikaona macho yake yanapanuka.

Kisha akashika pindo la khanga kwa meno, akaling'ata.

Nikajua kashikwa. Akanitazama kwa jicho moja, lile lisilo upande wa tope, nalo likasema wazi: neno moja tu na nitakuua. Nikasimama na pakacha langu. Nikasimama, nikasimama. Mbu wa mikokoni wakaja, wale wenye uwezo wa kumwinua mbuzi, wakanila hadi nyuma ya masikio. Mchwa wa miguuni mwangu wakaamka wote. Mara nikaona jambo ambalo halikunipendeza: wale konokono weusi wa mikoko, tondo, walioshinda wamesambaa topeni wakila, walikuwa wameanza kupanda mashina. Polepole, mmoja baada ya mwingine, kama waumini walioadhiniwa. Tondo hana saa wala hana masikio, lakini maji yakigeuka kule nje yeye hujua, na hupanda kabla hujaona hata tone.

Sikuweza tena. Nikazunguka mizizi kwa ncha za vidole.

Upande wa pili nikamkuta mjukuu wa Bibi Jirani, amesimama na pakacha lake, uso umemvimba kwa mbu. Na chini yake Bibi Jirani, amelala ubavu, mkono shimoni hadi begani, kilemba amekiuma.

Tukanong'onezana.

"Na wako?"

"Kashikwa. Tangu zamani. Na wako?"

"Kashikwa vilevile."

"Na dume?"

"Dume liko kwetu."

"Haliko kwenu. Liko kwetu, lamshika bibi yangu."

Hapo ndipo tope likavimba pembeni mwa mizizi, mahali ambapo hapakuwa na fundo la mtu yeyote, na mdomo wa tatu ukafunguka. Dume likatoka. Lilitoka taratibu, gando kwanza, halafu lile sinia lake, likajifuta macho kama bwana aliyeamshwa na wageni wanaopigana sebuleni, likatutazama sisi wawili, kisha likajiendea upande upande hadi mkondoni. Likazama. Hatukuligusa. Nani alikuwa na mkono wa kuligusa?

Kumbe nyumba ilikuwa moja! Shimo la Bibi na shimo la Bibi Jirani yalikuwa milango miwili ya nyumba moja, na miaka yote ile wakimwingilia kaa kwa mlango huu, alitoka kwa mlango mwingine. Na siku hiyo walikuwa wameingia pamoja, wakakutana gizani, gunia la huyu likashika bangili za yule, kila mmoja akadhani ni gamba, kila mmoja akakamata, kila mmoja akahisi amekamatwa, na wote wawili, kwa kuwa walilelewa vizuri, wakatulia wasubiri kaa awasahau.

Nilikimbia kwa Bibi. "Bibi, achia."

Akatikisa kichwa.

"Bibi, dume limetoka. Limekwenda zake majini."

Akatema khanga. "Limetoka vipi nami ninalo? Na nani kakwambia useme?"

"Ulichoshika ni mkono wa Bibi Jirani."

Hata tope liliacha kutatarika. Kisha sauti ikatoka ng'ambo ya mizizi: "Toba! Nami nasema gamba gani hili lina joto."

Sasa watu wengine, watu wa kawaida, hapo wangeachiana wakacheka. Hawa hawakuwa watu wa kawaida. Bibi akauambia mkoko: "Mke mwenzangu, mwambie huyo aliye upande wa pili auachie mkono wa watu."

Nikazunguka mbio kupeleka habari, ingawa ilishafika.

"Mwambie aliyekutuma," akajibu Bibi Jirani, "mimi nimeshikwa, sikushika. Na aliyeingia nyumba ya watu ndiye atokaye kwanza."

"Mwambie nyumba ya nani? Fundo la mama yangu lipo pale tangu yeye hajaota meno."

"Mwambie fundo ninalo langu, hata kipofu akipapasa ataliona. Na mkono wake umekauka kama ng'onda. Nilidhani nimeshika kuni."

"Ng'onda ni yeye! Mwambie asingejaza madebe mkononi nisingemdhania kaa."

Tulikuwa tukipishana njiani mimi na mjukuu mwenzangu, yeye anakwenda mimi narudi, tope linaruka hadi kwenye nywele, na lazima niseme kweli, kwa dakika chache nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa namwona. Tulipopishana mara ya nne au ya mia tuligongana makusudi. Lakini wazee wale hawakuachiana, maana atakayeachia kwanza amekubali kwamba shimo si lake, na aliyekubali hivyo amekubali kuwa mwizi. Wangekaa pale mpaka kiama.

"Maji!" akalia mjukuu wa Bibi Jirani.

Ulimi wa maji ulikuwa umeshapita kwenye mkondo na kugeuka kutujia. Bahari ya kwetu hairudi wangwani kwa mawimbi, hurudi kwa kuteleza, bila sauti, kama paka aingiaye jikoni. Yakafika mizizini. Yakaingia shimoni kwa mlango ule wa tatu, na tope la ndani, lililokwisha kuvurugwa kwa mivutano yao, likabomoka.

Nilimwona Bibi akitaka kuinuka. Alivuta. Bega halikutoka. Akavuta tena, shingo ikamtoka mishipa. Sijawahi kumwona bibi yangu akivuta kitu kisije.

"Mwenzangu," akasema. Hakuniambia mimi. Hakuuambia mkoko. "Mwenzangu, mkono wangu hautoki."

"Hata wangu."

"Usiniachie."

"Nikuachie niende wapi?" akajibu Bibi Jirani.

Nisikilize vizuri hapa. Tope likikushika kavu, nguvu za jahazi zima hazikutoi. Hulegea likipata maji. Kwa hiyo kilichokuwa kinakuja kuwazamisha ndicho peke yake kingewatoa, na hakukuwa na la kufanya ila kukisubiri. Nakuambia mwili wangu wote ulikuwa miguu. Nilitaka kukimbia kijijini, lakini kijiji kilikuwa mbali na wanaume walikuwa baharini au mkongeni; ningerudi na watu wa kuzika. Mjukuu mwenzangu alikuwa ameshachukua ganda la kombe anachimba, nikachukua langu. Tulichimba, tope likirudi. Maji yalipofika sikioni mwa Bibi nikakaa chini, nikakipakata kichwa chake, nikakiinua. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nilitulia. Si kwa adabu. Ningetikisika angekunywa maji.

"Usivute," Bibi Jirani alikuwa akisema kule. "Tikisa vidole. Mimi nachokoa kwako, wewe chokoa kwangu. Fanya njia maji yapite."

"Wako yu hai?" nikaita.

"Yu hai! Anatoa amri! Na wako?"

"Anatukana!"

Kweli alitukana. Alimtukana kaa, na ukoo wa kaa, na aliyepanda mkoko. Kisha maji yalipomfika kidevuni akapunguza sauti.

"Wewe," akasema, "lile bamvua la kabla ya Ramadhani. Ulinichukulia?"

"Sikuchukua."

"Wallahi?"

"Wallahi. Nami ulinichukulia?"

"Wallahi sikuchukua hata mguu wa kaa."

"Basi tumefuturu peke yetu bure," akasema Bibi Jirani, na sauti yake ikakatika, sijui ni maji, sijui ni nini.

Tope lilimwachia Bibi kwa kishindo cha kizibo kinachong'oka, kikasikika, nina hakika, mpaka Muheza, machungwa yakaanguka. Alianguka chali, nami chini yake. Tukazunguka mizizi maji yakiwa mapajani, tukamkuta Bibi Jirani ameketi, anatema tope, mkono wake mweusi hadi begani na bangili moja haipo. Wakatazamana. Nilingoja wakumbatiane. Bibi akanyoosha mkono kuonyesha alama za vidole: "Tazama ulivyonifinya, mnyama wewe."

"Na bangili yangu iko wapi?" akasema mwenzake.

Wakagombana njia nzima, wameshikana kwa sababu ya utelezi, mapakacha yetu yakielea nyuma kuelekea hori, adhana ya adhuhuri ikisomwa. Usiku ule sahani ya bada na mchuzi wa tondo ilivuka ua. Ikarudi na maandazi. Na mimi na mjukuu mwenzangu tulipewa ruhusa ambayo hakuna aliyeitamka.

Ni yeye aliyeniambia, siku nyingi baadaye, tukitazama wale kaa wadogo wakipunga. Alisema mkono wa bibi yake ulikuwa umelegea mapema. Alikwisha kuutoa hadi kiwiko, na mjukuu akamshika kiunoni amvute waondoke, kwa kuwa maji yalikuwa yakipanda. Bibi Jirani akamsukuma. Akalala tena ubavu, akaurudisha mkono ndani mpaka begani, akaendelea kuchokoa upande wa bibi yangu. "Akaniambia nisimwambie mtu," alisema, "kwa kuwa bibi yako akijua atajivuna."

Sikumwambia. Namwambia nani leo kama si wewe?

Wangwa wenyewe bado upo, usije ukalia bure. Asubuhi iliyofuata ile karamu nilikwenda. Nusu yake wameizungushia kingo za udongo kuvuna chumvi, imekuwa nyeupe, haina hata jicho. Nusu iliyobaki mikoko imekatwa kwa ajili ya nguzo na mkaa, na mkoko mzee sikuuona, ingawa nilizunguka hadi ndala ikabaki topeni. Mashimo yapo. Kaa wapo, wadogo, wana haraka, kama sisi. Ila sikuona kijiti chenye fundo. Vijana wanakuja na kulabu za chuma, wanachokoa lolote, jike na dume, wanakwenda. Nikamuuliza mmoja, mwanangu, shimo hili la nani? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa upepo ni wa nani.

Hao bibi wawili waligombania lile shimo mpaka mwisho, zamu ya nani leo, zamu ya nani kesho, na sikumbuki hata siku moja waliyokubaliana. Bibi yangu ndiye aliyetangulia. Mimi nilikuwa mtu mzima tayari, na nilikuwamo ndani ya pazia la kuoshea maiti, kazi yangu ni kushika kata ya maji. Bibi Jirani alikataa kukaa nje na wazee wenzake. Aliingia akitembelea mkongojo, akasema mimi nitamwosha, na hakuna aliyethubutu kumkatalia. Akaanza kuliani, kama ipasavyo. Alipofika kwenye kiganja akakishika, akatulia. Maji yangu yalikwisha kwenye kata, nikateka mengine, bado ameshika. Mwoshaji mwenzake akamnong'oneza, bibi, tuendelee, watu wanasubiri.

"Ngoja," akasema. "Huyu haachii haraka."